Shamba Lina Wenyewe: Wahusika na Dhamira ya Ardhi katika Novela ya Steinbeck kwa Mtazamo wa Historia ya Vibarua wa Chai, Kericho na Bomet

1.0 Utangulizi

Novela ya John Steinbeck iitwayo Of Mice and Men, iliyochapishwa Marekani mwaka 1937, imekuwa ikihakikiwa kwa miaka mingi kama kisa cha urafiki na cha ndoto iliyovunjika. Wahakiki wengi huafikiana kwamba wahusika wake wakuu, George Milton na Lennie Small, wanamwakilisha binadamu mpweke anayetamani makao, na kwamba shamba dogo wanalolizungumza kila mara ni ishara ya matumaini ambayo ulimwengu hauyaruhusu kutimia. Hatuupingi uhakiki huo. Tunaona tu kwamba umeliacha kando swali moja la kimsingi, nalo ni hili: shamba hilo ni la nani?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuiweka novela hii kando ya historia ya vibarua wa mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet. Madai yetu ni kwamba katika novela hii kila kipande cha ardhi anachokiota mnyonge kina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe huyo naye ni mnyonge. Ukimya wa novela juu ya mwenyewe wa ardhi ndio unaoifanya isomeke kama hadithi ya majaaliwa, ilhali yanayosimuliwa yana chanzo chake katika historia. Msomaji wa nchi ya chai, ambako swali la mwenyewe wa ardhi halijapata kunyamaza kwa karibu miaka mia moja, ana nafasi nzuri ya kuusikia ukimya huo.

Tutaanza kwa kuieleza novela na wakati wake, kisha tutaitazama historia ya Kericho kwa muhtasari. Baada ya hapo tutawachambua wahusika mmoja mmoja, tukielekea kwenye dhamira ya ardhi na kwa mhusika ambaye hakupewa nafasi.

2.0 Novela na Wakati Wake

Kisa hutokea kwa muda wa siku chache tu karibu na mji wa Soledad, katika bonde la mto Salinas, jimbo la California. George na Lennie wanafika katika shamba la shayiri kutafuta kazi, baada ya kulazimika kuukimbia mji wa Weed kwa sababu Lennie alilishika gauni la msichana na kukataa kuliachia. Lennie ana nguvu za ajabu na akili ya mtoto. Anapenda kugusa vitu laini, na kila akigusacho hukiumiza. Katika shamba hilo wanakutana na Candy, mzee aliyekatika mkono; Crooks, mtunza farasi ambaye ndiye Mwafrika-Mmarekani pekee shambani; Slim, dereva wa nyumbu anayeheshimiwa na wote; Curley, mtoto wa bosi; na mke wa Curley, ambaye mwandishi hakumpa jina. Lennie anamuua mwanamke huyu bila kukusudia, naye George anampiga Lennie risasi kandokando ya mto ili asiangukie mikononi mwa wanaomsaka.

Kifani, novela hii imejengwa kama tamthilia. Ina sehemu sita, mandhari machache, na mazungumzo mengi kuliko maelezo. Na kwa kweli ilionyeshwa jukwaani New York mwaka ule ule wa 1937. Inaanza na kuishia kwenye bwawa lile lile la mto. Msuko huu wa duara umewafanya wahakiki wengi waone kwamba mwisho ulikuwa umekwisha kuandikwa tangu mwanzo, na kwamba hapakuwa na njia nyingine. Hapo ndipo historia inapotakiwa kuingia.

Steinbeck alizaliwa Salinas mwaka 1902, na katika ujana wake aliwahi kufanya kazi mashambani. Aliyafahamu vizuri maisha aliyoyaandika. Hata hivyo, bweni la novela yake ni bweni la Wazungu watupu, huku Crooks akilala peke yake mazizini. Kilimo cha California cha wakati ule kilitegemea kwa kiasi kikubwa mikono ya Wachina, Wajapani, Wafilipino na Wameksiko. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 Wameksiko wengi walirudishwa kwao, na mwaka 1934 Wafilipino wa Salinas walifanya mgomo katika mashamba ya saladi. Hakuna hata mmoja wa watu hawa aliyepewa nafasi ya mhusika mwenye sauti katika novela. Tulikumbuke jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

3.0 Kericho: Ardhi Ilivyogeuka Mashamba

Wakati Steinbeck alipokuwa akiandika, milima ya Kericho ilikuwa imeanza kufunikwa na michai. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 ziliifanya ardhi ya wenyeji kuwa mali ya Ufalme wa Uingereza, ambao uliweza kuigawa kwa ukipendao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis zilitengewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemaa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ilipoporomoka mpango huo ulikufa, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yaliingia, na chai ikachukua nafasi ya kitani. Mwaka 1934 sheria maalumu ilipitishwa ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye joto na maradhi ambayo wao wa milimani hawakuyazoea.

Ardhi bila watu haitoi majani. Vibarua walitoka Nyanza na magharibi: Wajaluo, Wakisii na Waluhya, pamoja na Wakipsigis wenyewe. Kodi ililipwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa kazi ya mzungu. Tangu mwaka 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, kilichotiwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ajira yenyewe ilihesabiwa kwa tikiti ya siku thelathini za kazi. Mshahara ulikadiriwa kuwa wa kapera: ulitosha kumlisha mtu mmoja, kwa kuwa mke na watoto walidhaniwa kula kutoka shamba la nyumbani. Kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika nchini Kenya ilikiri mwaka 1954 kwamba mshahara wa namna hiyo haukuweza kuitunza familia.

Baada ya Uhuru mambo kadhaa yalibadilika. Vyama vya wafanyakazi wa mashambani viliunganishwa mwaka 1963. Mwaka 1964 liliundwa shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo, na jirani ya mashamba makubwa Wakipsigis wengi wakaanza kupanda michai yao wenyewe. Wilaya ya Bomet ilitengwa na Kericho mwaka 1992. Pamoja na hayo, mashamba makubwa yalibaki, na kambi za wafanyakazi zikabaki ndani yake.

4.0 Uchambuzi wa Wahusika

4.1 George na Lennie: watu wa karatasi

Neno kibarua katika Kiswahili lina historia inayofaa kukumbukwa hapa. Ni udogo wa barua: kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akionyeshe wakati wa kulipwa. Karatasi ikamgeukia mtu, na mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. George na Lennie ni vibarua kwa maana hii ya asili. Wanafika shambani na kadi za kazi walizopewa na ofisi ya ajira mjini San Francisco, na bila kadi hizo hawana utambulisho wowote. George anazibeba kadi zote mbili, kwa kuwa hathubutu kumwachia Lennie ya kwake. Tendo hili dogo katika sehemu ya kwanza linaeleza uhusiano wao kuliko hotuba zozote za urafiki: mmoja ni nguvu, na mwingine ni mwenye kuitolea nguvu hiyo hesabu mbele ya mwajiri.

Bosi anapomhoji Lennie, George anamjibia. Bosi anaingiwa na shaka, na shaka yake haihusu uwezo wa Lennie wa kubeba magunia. Kinachomtatiza ni kwamba mtu anamhangaikia mtu mwingine bila kumnyonya. Katika mfumo unaowataka vibarua wawe mmoja mmoja, udugu wenyewe unakuwa jambo la kutiliwa shaka.

Hapa Kericho inatuonyesha sura tofauti. Kibarua wa chai kwa kawaida hakuja peke yake. Alimfuata kaka, mjomba au jirani aliyetangulia, na katika kambi aliwakuta watu wa kwao. Udugu huo ulimsaidia mfanyakazi kuvumilia, na ulimsaidia mwajiri vilevile, kwa kuwa aliyeugua aliuguzwa na ndugu na aliyefiwa alichangiwa na ndugu. Isitoshe, chai huchumwa mwaka mzima, tofauti na shayiri yenye msimu. George ni mgeni kwa sababu hakai mahali pamoja. Mchuma chai amekaa miaka thelathini katika nyumba ya kambi na bado ni mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inachukulia kwamba anayepewa jembe amekwisha kupokewa kama mtu wa nyumbani. Katika mashamba ya chai mgeni alipewa kikapu, na mapokezi yakaishia hapo.

4.2 Candy: thamani ya mkono

Taswira ya mkono imetapakaa katika novela hii. Curley anavaa glavu yenye mafuta ili mkono mmoja ubaki laini kwa ajili ya mkewe. Lennie anauponda mkono wa Curley. Lennie huyo huyo anaua kwa mikono bila kujua. Mkono wa George unatetemeka anapoishika bastola. Katika Kiingereza cha mashamba yale, kibarua mwenyewe huitwa kwa neno lile lile linalomaanisha mkono.

Candy ndiye mhusika anayeibeba taswira hii kwa uzito zaidi. Mkono wake aliupoteza hapo hapo shambani, akalipwa fidia ya dola 250 na kupewa kazi ya kufagia bweni. Anajua kwamba siku atakaposhindwa kufagia atafukuzwa. Mbwa wake mzee anapopigwa risasi na Carlson kwa kuwa hana faida tena, Candy anauona mustakabali wake. Ndipo anapoingia katika ndoto ya George na Lennie akiwa na dola 300 benki na 50 za mshahara unaokuja. Wahakiki wengi huisoma hatua hii kama tumaini linaloamka. Ni kweli, lakini hesabu ya fedha inasema zaidi. Sehemu kubwa ya fedha za Candy ni fidia ya mkono. Kabla yake, shamba lilikuwa hadithi ya kumlaza Lennie usingizi. Baada yake linakaribia kuwa jambo la kweli, kwa kuwa sasa pana malipo ya kwanza, na malipo hayo ni kiungo cha mwili wa mtu.

Msomaji wa Kericho na Bomet atamtambua Candy upesi. Nyumba ya kambi huendana na kazi; kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Na mashine nayo imeingia. Tangu makampuni yalipoanza kutumia mashine za kuchumia chai mapema katika karne hii, mgogoro wa ajira haujapoa, na mwezi Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho na waandamanaji. Shamba la Candy liliuchukua mkono likamwachia fidia na ufagio. Mashine ya chai inauacha mkono mzima na kuiondoa kazi yake.

4.3 Crooks: mtu mwenye kitabu cha sheria

Crooks hupuuzwa na wahakiki wanaomwona kama mfano tu wa ubaguzi wa rangi. Sisi tunamwona kuwa ndiye ufunguo wa dhamira ya ardhi. Yeye ndiye anayekumbuka shamba kwa uwazi kuliko wote: baba yake alikuwa na shamba la kuku la ekari kama kumi, na watoto wa Kizungu walikuwa wakija kucheza hapo. George anapolieleza shamba la ndoto yake, nalo ni la ekari kumi, na banda la kukaushia nyama analotaka kulijenga ni kama lile la babu yake. Ulingano huu si wa bure. Kwa wahusika hawa ndoto ya ardhi ni kumbukumbu ya ardhi iliyokwisha kupotea katika kizazi kilichotangulia. Wanachokiota kiko nyuma yao.

Katika chumba cha Crooks mna kitabu cha sheria za jimbo la California cha mwaka 1905. Ni mtu anayezijua haki zake kwa maandishi. Lakini mke wa Curley anapomtishia kwamba neno lake moja linatosha kumfanya anyongwe, Crooks hakigusi kitabu. Ananyamaza na kujikunja, na punde analiondoa jina lake katika mpango wa shamba. Sheria iko rafuni, nguvu iko kwingine.

Hata hivyo, Crooks si malaika. Kabla ya kutishiwa, yeye mwenyewe alimtesa Lennie kwa kumwambia kwamba huenda George asirudi. Aliyeumizwa alipopata nafasi fupi ya kuwa juu ya mtu, aliitumia. Steinbeck anauonyesha mkondo wa maumivu kwa ustadi: unateremka kutoka kwa Curley hadi kwa mkewe, kutoka kwa mke hadi kwa Crooks, kutoka kwa Crooks hadi kwa Lennie, na kutoka kwa Lennie hadi kwa kitoto cha mbwa. Katika mkondo huo bosi haguswi.

4.4 Mke wa Curley na wanawake wasiokuwapo

Mwanamke huyu hana jina wala kazi. Wanaume wa bweni humwita mtego, naye ameoa upweke: mumewe hamwongeleshi, na wengine wanaogopa kumwongelesha. Ndoto yake ya kuwa mcheza filamu inafanana na ndoto ya shamba kwa kuwa nayo ilitegemea ahadi ya mtu mwingine. Novela inamhurumia zaidi akiwa amekufa kuliko akiwa hai, na huo ni udhaifu ambao baadhi ya wahakiki wameutaja.

Kinachotupendeza kuongeza ni kwamba mashamba ya California yalikuwa na wanawake wanaofanya kazi, nao hawamo katika novela. Katika mashamba ya chai mwanamke ni mchumaji, na uwezo wa msimamizi wa kumpa au kumnyima kazi umekuwa uwezo juu ya mwili wake. Mwezi Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilirusha uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Kenya walieleza kudhulumiwa kimapenzi na wasimamizi wao. Mhakiki anayemwita mke wa Curley mtego anarudia maneno ya wanaume wa bwenini bila kuuliza nani ameutega.

5.0 Dhamira ya Shamba

Tulitazame sasa shamba lenyewe. Bei yake ni dola 600. Mshahara ni dola 50 kwa mwezi. Kwa fedha za Candy, lengo limebaki mwendo wa mwezi mmoja. Kwa hesabu peke yake, basi, ndoto hii haikuwa muhali. Kwa nini bei iwe ndogo hivyo? George anaeleza kwa maneno machache sana: wazee wanaolimiliki wamefilisika, na bibi mzee anahitaji kupasuliwa hospitalini.

Sentensi hiyo hupita haraka, na wasomaji wengi hawaisimamii. Maana yake ni nzito. Shamba la ndotoni lina wenyewe. Ni wakulima wadogo wawili ambao maradhi na madeni vinawang'oa, na George anaweza kulipata kwa bei hiyo kwa sababu tu wao hawana la kufanya. Ndoto ya mnyonge mmoja inasubiri msiba wa mnyonge mwingine. George si mtu mbaya, na wala hawadhulumu wazee hao kwa kusudi. Mfumo wa ardhi haukumwachia mlango mwingine wa kupitia.

Katika nchi ya chai dhamira hii inachukua sura mbili. Kwa kibarua aliyetoka Kisii, Nyanza au Vihiga, shamba lipo: liko nyumbani, linalimwa na mke au mama. Yeye haoti kulipata, anaota kurudi. Lakini kuwapo kwa shamba hilo ndiko kulikouhalalisha mshahara wa kapera. Shamba la nyumbani lilimfadhili mwajiri bila ya mwajiri kulijua jembe lake, na kila mara lilipogawanywa kwa wana na wajukuu, kurudi kulizidi kuwa kugumu. Mtoto aliyezaliwa kambini, akasoma shule ya kambini, akaijua lugha ya Kiswahili ya kambini kabla ya lugha ya babu yake, hana shamba huku wala kule. Huyo ndiye mrithi halisi wa George Milton.

Kwa Mkipsigis sura ni nyingine kabisa. Yeye shamba lake analiona kila siku, limefunikwa na michai iliyokatwa sawasawa. Halihitaji kulisimulia kama hadithi ya kumlaza mtoto. Analijua kwa majina ya vijito na vilima.

6.0 Mhusika Asiyekuwamo

Hapa tunarudi Soledad. Jina la mji huo ni la Kihispania, na maana yake ni upweke. Wahakiki hupenda kulitaja kama ishara inayoafikiana na dhamira ya novela. Ni wachache wanaotaja kwamba jina hilo lilitokana na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa hapo mwaka 1791, ambamo wenyeji wa bonde lile, wakiwamo Waesselen na Wachalon, walikusanywa, wakafanyishwa kazi, na wengi wakafa kwa maradhi. Ardhi ambayo George anaiota ilikuwa ya watu hao kabla ya kuwa ya Wahispania, ya Wameksiko na ya makampuni. Katika novela hawamo hata kama kumbukumbu.

Huenda msomaji akasema kwamba si haki kumdai mwandishi kile ambacho hakukusudia kukiandika. Jibu letu ni kwamba Steinbeck alilijua jambo hili. Katika The Grapes of Wrath, iliyotoka mwaka 1939, anaeleza katika sura ya 19 jinsi ardhi ya California ilivyonyakuliwa kutoka kwa Wameksiko. Na katika sura ya tano wapangaji wanaofukuzwa wanaitetea haki yao kwa kusema kwamba babu yao aliwaua na kuwafukuza wenyeji ili aipate ardhi ile. Katika riwaya hiyo kubwa mwandishi anauonyesha mnyororo wa unyang'anyi. Katika novela ameukata mnyororo huo ili abakiwe na watu wawili kando ya mto. Uamuzi huo umeipa novela umbo lake safi, na umeigharimu ukweli wa kihistoria.

Gharama hiyo Kericho imelipwa kwa damu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa chai waliotoka katika jamii nyingine walishambuliwa katika makao yao ya kambi. Baadhi waliuawa na wengi wakakimbia. Watu 218, waathiriwa na jamaa zao, walikwenda mahakamani London kuidai Unilever, iliyomiliki mashamba hayo wakati ule, wakisema kuwa haikuwalinda. Mahakama Kuu mwaka 2017 na Mahakama ya Rufaa mwaka 2018 ziliamua kwamba kesi dhidi ya kampuni mama isiendelee. Kwa upande wa pili, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilitambua mwaka 2019 kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma ya kihistoria, na mwaka 2022 walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka kikomo cha miaka 99 kwa ukodishaji wa ardhi kwa wasio raia. Mashamba yenyewe yameendelea kuuzwa: ya Unilever yalikwenda kwa wamiliki wapya mwaka 2022 pamoja na biashara yake ya chai, na ya Finlay yakauzwa kwa kampuni ya Sri Lanka mwaka 2023.

Tazama jinsi mkondo tuliouona katika chumba cha Crooks unavyojirudia. Aliyepokonywa ardhi na aliyekuja kuilima kwa mshahara mdogo walikabiliana wao kwa wao, na kila mmoja alikuwa na kitabu chake cha sheria mkononi. Kusema hivi hakumwondolei lawama aliyeshika rungu. Anayemuua jirani yake anabeba dhambi yake mwenyewe. Lakini mhakiki anayeishia kwenye rungu ameisoma sura ya mwisho peke yake.

7.0 Hitimisho

Fasihi ya Kiswahili ina kazi zilizomweka mfanyakazi katikati ya kisa. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), alimchora Kijakazi, mtumishi ambaye ameitumikia nyumba ya bwana hata hawezi kuyawazia maisha nje yake, na katika Kuli (1979) akawachora wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Kijakazi na Candy wangefahamiana, kwa kuwa wote wawili wameuacha mwili wao katika mali ya mtu. Tofauti ni kwamba riwaya za Adam Shafi zinauliza bayana mali hiyo ilipatikanaje, na zinawapa wahusika wake tukio la kihistoria la kuwatoa katika duara. Zinaweza kulaumiwa kwa kuamini mno kwamba mapinduzi hufunga hesabu zote, lakini hazikulikimbia swali.

Riwaya ya nchi ya chai itabidi ijifunze kwa pande zote mbili. Kwa Steinbeck itajifunza kumsikiliza kibarua kwa karibu, kadi yake, mkono wake, hofu yake ya uzee. Kwa Adam Shafi itajifunza kuuliza ardhi ilitoka wapi. Kisha italazimika kufanya jambo ambalo novela ya 1937 haikulifanya: kuwaketisha katika chumba kimoja mchumaji aliyetoka mbali, mwanamke anayepimiwa majani na msimamizi, na mzee ambaye babu yake alizikwa chini ya michai, kila mmoja akiwa na jina na haki ya kusema. Mazungumzo yao hayatakuwa mepesi, na huenda yasiishe kwa mapatano. Hata hivyo, kuyaandika ni kuwakumbuka wale wazee wawili wa ekari kumi, ambao George aliwataja kwa sentensi moja na kuwapita.